Siku Punda wa Chama Alipokataa Kujiandikisha

Wanangu, kuingia ndani ya punda si kazi. Mtu yeyote mwenye miguu miwili anaingia. Kazi ni kukaa humo mchana kutwa, mwezi wa saba, jua la Virginia likikugeuza kama chapati, na watu bado waone punda mwenye furaha.

Nawaeleza haya kwa sababu kila tukikutana harusini mnaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani nchi hii kabla sijastaafu. Nikijibu fundi cherehani, mwasema "mashallah" na kurudi kwenye simu zenu. Nikiongeza kwamba nilikuwa namshonea punda wa chama kimoja na ndovu wa chama cha pili, hapo simu zinashuka. Basi kaeni niwahadithie mara moja, nisiulizwe tena nikiwa na pilau mdomoni.

Duka letu lilikuwa Springfield, nyuma ya gereji. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kizungu aitwaye Peggy. Nilimwita Mama Peggy ingawa tulikuwa rika moja, kwa sababu mtu anayekupa kazi huwezi kumwita jina tupu kama unamwita paka. Alikodisha mavazi ya wanyama, yale makubwa ambayo mtu anaingia mzimamzima: dubu wa siku za kuzaliwa, tai wa timu za shule, kuku wa kusimama mbele ya mkahawa. Lakini mkate wetu ulitoka kwa wanyama wawili. Siasa za Marekani zina vyama viwili vikubwa na kila kimoja kina mnyama wake, kimoja punda na kimoja ndovu. Kwetu Mombasa ukimwita mwanasiasa punda unatafuta kesi. Hapa anakodi punda mwenyewe, na anataka kupiga picha naye.

Na kwa kuwa Washington ni pale ng'ambo ya mto, hapakosi mkutano. Mtu akitaka ubunge, anataka mnyama. Akitaka kuwa msimamizi wa korti, anataka mnyama. Vyama hivyo kwenye televisheni vinagombana kama wake wenza, lakini vyote viwili vilikodi kwetu, na wanyama wao walitundikwa msumari mmoja, pua kwa mkonga. Miaka yote ile sikuwasikia wakibishana hata siku moja.

Wiki yangu ya kwanza nilimtia punda kwenye mashine ya kufulia. Alitoka mbwa. Masikio yalijikunja, manyoya yakajiviringa, mdomo ukaingia ndani kama mzee aliyevua meno. Mteja alipokuja kumchukua, Mama Peggy alimtazama machoni bila kupepesa, akamwambia huyu ni punda mchanga, ndiyo mtindo wa mwaka huu. Mteja akamchukua! Akapiga na simu baadaye kusema watoto walimpenda. Hapo nikajua nimeingia kwenye biashara ya siasa.

Sasa, jasho. Mtu akikaa ndani ya ndovu saa tatu, ndovu ananuka kama ndovu. Kumfua huwezi, mmeshaona yaliyompata punda. Dawa wanayotumia mafundi wote wa kazi hii ni vodka. Unaitia kwenye chupa ya kupulizia, unapuliza ndani, unaacha ikauke, na harufu inakufa papo hapo. Mama Peggy aliponiambia, nilikaa kitini. Mimi, Zuhura wa Makadara, niliyehitimu Msahafu kabla sijatoa meno ya utoto, nikanunue vodka!

Nikaenda kwa sheikh wetu. Nikamweleza tangu mwanzo.

"Huyo punda anainywa?" akaniuliza.

"La, sheikh. Anapulizwa."

"Ataingia msikitini?"

"La, sheikh. Ni wa chama."

Akafikiri, akashika ndevu. "Basi mimi na yeye hatuna maneno. Wewe nawa mikono."

Nikanunua. Kule Virginia pombe kali inauzwa kwenye maduka ya serikali, yenye taa nyeupe kama hospitali. Natoka mlangoni nimekumbatia katoni, ninakutana uso kwa uso na Bi Rukia, mwenyekiti wa kina mama wa darsa la Ijumaa.

"Zuhura!"

"Ni ya punda," nikasema.

"Punda gani?"

"Wa chama."

Wanangu, kuna maelezo ambayo kila ukiyaongeza yanakuzamisha. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika Columbia, Maryland, kwamba Mama Salma, ndiye mimi, amejiunga na chama na ameanza kulewa, na haijulikani lipi lilimleta mwenzake. Bi Rukia aliniletea maji ya zamzam na kitabu cha toba. Nilipokea vyote viwili. Zamzam haikataliwi.

Baada ya hapo nikajaribu njia yangu. Niliwasha chetezo, nikatia udi, nikamfukiza punda kama mwari. Harufu ya jasho ilitoka, lakini yeye sasa alinukia bi harusi. Mkutanoni, mke wa mgombea mmoja alimfuata punda kutoka jukwaani mpaka kwenye maegesho akitaka kujua amejipaka nini. Tukarudi kwenye vodka.

Aliyekuwa akiingia ndani ya ndovu ni Wafula. Huyu alikuwa kijana wa Bungoma, mrefu kama mlango, ambaye siku za kazi alihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa na mwisho wa wiki akawa ndovu. Alikuwa bingwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba uso wa mnyama haubadiliki, kwa hiyo mwili ndio unaosema. "Ukifurahi, Mama Salma, furahi mpaka magoti," aliniambia. "Ukisikia huzuni, shika tumbo. Na usiongee. Hata wakikukanyaga. Mnyama akiongea, hiyo kazi imeisha."

Alinionyesha mambo mengine pia. Unaonea mdomoni, si machoni, kwa hiyo ukitaka kumwona mtu lazima umwelekezee meno. Ndani unavaa kizibao chenye mifuko ya barafu, na chini yake pamba nyepesi. Mimi nilimshonea cha kanga, akasema tangu siku ile ndovu wake anatembea kwa madaha. Kichwani mnafungwa feni ndogo ya betri. Siku hizi mwaona mavazi ya kupulizwa upepo, mepesi, mtu anavaa kwa dakika moja. Mazuri. Lakini niliwahi kumwona tai wa upepo akichomwa na kijiti cha mishikaki mbele ya halaiki, akanywea polepole huku wimbo wa taifa ukiendelea. Shona, mwanangu. Kilichoshonwa hakikuaibishi hivyo.

Nilikuwa fundi tu. Ndani ya mnyama sikuwahi kuingia, mpaka sikukuu ile ya uhuru wao.

Kitongoji chetu kilikuwa na gwaride. Wazima moto, bendi ya shule, maveterani wa vita, na nyuma yao vyama vyote viwili na wanyama wao. Mwanafunzi aliyekuwa akivaa punda alishiriki mashindano ya kula soseji siku iliyotangulia, akawa wa pili, na asubuhi ile hakuweza kusimama. Mama Peggy akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima kitambaa.

"Zuhura," akasema, "wewe ndiye uliyemshona. Unamjua kuliko yeyote."

"Namjua kwa nje!"

Wafula, aliyekuwa ameshavaa nusu ya chini ya ndovu, akacheka. "Hii kitu ni rahisi, Mama Salma. Wewe punga mkono tu. Mimi niko upande ule mwingine. Kukiwa na shida, nashow up."

Sasa lazima niwaambie nilichokuwa nikikiogopa, msije mkadhani ni joto. Wakati ule nilikuwa na gridikadi tu, ile kadi ya mgeni ya kuishi na kufanya kazi. Nilikuwa nimeshaomba uraia, na mahojiano yangu ya uhamiaji yalikuwa mwezi uleule. Binti yangu Salma, aliyezaliwa huku na ambaye anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alikuwa amenionya mpaka nimechoka. Asiye raia haruhusiwi kupiga kura ya nchi hii, na hata kujiandikisha tu ni balaa. Tulimjua mama mmoja aliyetia sahihi kwenye dirisha la leseni za udereva akidhani anakubali kutoa figo akifa. Kumbe alikuwa anajiandikisha kupiga kura. Uraia wake ukawa wa mawakili. Kuna miji kadhaa ya Maryland inayomruhusu mgeni kuchagua baraza la mji wake, najua, lakini mimi nilikuwa Virginia, na Virginia hakuna mchezo huo.

Nikaingia. Nilikuwa mfupi kuliko yule mwanafunzi, kwa hiyo magoti ya punda yalikaa kwenye visigino vyangu. Mkia uliburura. Lakini wanangu, nisiwadanganye, barabara ilipofunguka na watu wakapiga makofi, kuna kitu kiliniingia. Mimi mwenyewe dukani watu hupita bila kunisalimu. Punda alipigiwa vigelegele na mtaa mzima! Nikapunga kwato. Nikatikisa nyonga. Nikacheza kidogo chakacha, kwa sababu bendi ya shule ilikuwa imekaribia mdundo wake bila kujua.

Gwaride likaishia uwanjani, penye vibanda vya limau na mahindi. Hapo palikuwa na meza ya kujitolea ya kuandikisha wapiga kura, si ya chama chochote, na msichana mchangamfu aliyevaa kofia yenye nyota. Akaniona.

"Punda!" akapaza sauti. "Njoo ujiandikishe! Waonyeshe watu mfano!"

Nikapunga kwato kumwambia la, ahsante. Yeye akadhani nakuja. Akanishika mkono, akaniketisha mezani, akaweka kadi mbele yangu. Mpiga picha wa gazeti la mtaa akapiga goti. Watu wakajaa. Zile kwato nilizishona mwenyewe na niliziachia mwanya wa kushikia kikombe. Msichana akachomeka kalamu mle, ikakaa sawasawa kama imezaliwa humo.

"Andika! Andika!" umati ukaanza.

Jasho likanitoka hata mahali penye barafu. Nikawaza, nichore masikio mawili tu, mzaha, yaishe. Kisha nikajiuliza: nikichora, aliyechora nani? Punda hana pasipoti. Mimi ninayo, tena ya Kenya.

Nikatikisa kichwa. Kichwa cha punda, wanangu, ni kizito, na kikianza safari hakirudi kwa amri yako. Kilienda kushoto, kikarudi kulia, kikapitiliza, kikaangalia nyuma. Sasa mdomo uko kisogoni na mimi niko gizani nanusa vodka. Feni ikadondoka ikaanza kunikata nywele. Nikasimama, nikarudi nyuma, nikaipiga meza teke la kweli la punda, kadi zikaruka juu kama njiwa.

"Amekataa!" mtu akapiga kelele. "Punda amekataa kujiandikisha!"

Nikasikia watu wakicheka, wengine wakizomea, na msichana akisema kwa huzuni, "Lakini kwa nini?" Nilitamani kumjibu. Ni binti mwema, alikuwa akifanya jambo jema. Lakini mnyama haongei, na hata ningeongea ningesema nini? Samahani binti, punda wenu ni Mswahili?

Ndipo nikahisi mkonga begani.

Wanyama hawa wawili hawaruhusiwi kusimama pamoja. Wateja walikuwa wametuambia hivyo mara nyingi, isije ikapigwa picha ya mapatano. Wafula aliukata uwanja mzima mbio, akanipinda kichwa kikarudi mbele, akaniinamia kama ananong'ona siri ya ndovu.

"Mama Salma, nini mbaya?"

"Wananiandikisha!"

"Woi!" akasema. "Na interview ni mwezi huu!"

Wafula alikuwa ameapa uraia majira ya baridi yaliyopita, lakini hakuwa amejiandikisha. Kila nikimwuliza alisema atafanya kesho. Sasa akaichomoa kalamu kwenye kwato yangu, akavua glavu ya ndovu, akaketi kwenye kile kiti kidogo, akaokota kadi moja chini. Akaandika jina lake, anwani yake, kila kitu, taratibu, huku mkonga ukiwa umelala mezani. Akatia sahihi. Msichana aliruka kwa furaha. Mpiga picha alipiga mpaka akakaribia kulala chini.

Jioni picha ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Ndovu anajiandikisha, nyuma yake punda ameshika tumbo. Nilikuwa nimeshika tumbo kwa sababu mfuko wa barafu ulipasuka, lakini kwa mujibu wa fani ile, nilikuwa na huzuni. Salma alinionyesha akiwa hoi kwa kicheko, kisha akanitazama vizuri.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaendelea kwa Kiswahili, "huyo punda ana viatu vyako."

Asubuhi yake vyama vikapiga simu. Mkubwa wa chama cha punda alipiga simu ya duka: punda wake amewaaibisha, amekataa haki ya kiraia hadharani. Mkubwa wa chama cha ndovu alipiga simu ya mkononi wakati uleule: ndovu wake ameiba kazi ya punda, na watu wanauliza kama amehama. Kila mmoja alitaka Mama Peggy amwombe radhi kwanza. Mama Peggy aliwasikiliza, huyu sikio hili, yule sikio lile. Mwishowe alizilaza simu mbili mezani, zikatazamana mdomo kwa sikio, akatoka nje kuvuta sigara. Aliporudi walikuwa wanaulizana habari za watoto. Wote wawili waliendelea kukodi kwetu.

Lakini mimi sikulala vizuri mwezi ule. Kalamu ilikuwa kwenye kwato yangu, na palikuwa na picha yake. Je, wakisema nilijiandikisha? Wafula aliniambia, "Nani anajua ni wewe? Wewe nyamaza tu." Salma aliniambia vilevile, kwa Kiingereza, tukiwa garini siku ya mahojiano, tunapita yale makutano ya barabara ya Springfield yaliyosukwa kama mkeka: jibu unachoulizwa, Mama. Usihadithie.

Nikamwahidi.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye tai ya njano na sauti ya kusinzia. Aliniapisha niseme kweli. Nikajibu maswali ya historia, nikasoma sentensi, nikaandika sentensi. Akashika yale maswali ya ndio au la. Umewahi kuwa mlevi wa mazoea? La. Nikamshukuru Mungu kwamba Bi Rukia hayumo chumbani.

"Umewahi kuwa mwanachama wa chama chochote au kuhusiana nacho kwa namna yoyote?"

Kwa namna yoyote! Wanangu, nimekula kiapo.

"Mwanachama, la," nikasema. "Lakini nimekuwa ndani ya kimoja."

Akainua macho. "Ndani kivipi?"

"Kwa zipu."

Kalamu yake ikasimama. "Umewahi kujiandikisha kupiga kura nchini Marekani?"

"Mimi, la. Punda ndiye aliyetakiwa ajiandikishe. Naye alikataa."

Ile sauti ya kusinzia ikapotea. "Mama," akasema, "punda gani?"

Basi nikahadithia. Niliona nikianza nusu ataona nimeficha nusu. Nikamwambia duka, soseji, msichana wa kofia, kalamu, na jinsi nilivyotikisa kichwa. Kiingereza changu kilipofika mwisho nikasimama, nikamwonyesha kwa mwili: hivi kilienda kushoto, hivi kikarudi kulia, hivi nikapiga teke. Nilipiga na kiti changu, kikaanguka.

Hakucheka. Aliandika kitu, akaniambia nisubiri, akatoka.

Nilibaki peke yangu na bendera na kile kiti chini. Nikakiinua nikakipangusa. Nikaona miaka yangu yote ya kungoja imekwenda na teke moja. Nikamwona Salma kule nje, akinisubiri na maua aliyoyaficha ndani ya mkoba, ambayo nilijifanya sikuyaona. Nikasoma Ayatul Kursi. Nikajiambia, Zuhura, kama ni kurudi Mombasa, utarudi umesema kweli, na utafungua duka la kushona madera, na hutavaa mnyama tena.

Mlango ukafunguka. Afisa aliingia na wenzake wawili, mwanamke mwenye miwani na mzee mwenye beji kubwa zaidi. Wakasimama ukutani wamekunja mikono.

"Tafadhali," afisa akasema, uso mkavu kama kaukau, "rudia pale pa kichwa."

Nikarudia. Kichwa kushoto, kichwa kulia, teke. Yule mwanamke mwenye miwani aligeukia ukuta, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Mzee mwenye beji akatoa kitambaa akafuta macho, akasema, "Kwa hiyo hukusaini."

"Sikusaini, bwana. Ndovu ndiye aliyesaini. Naye ni raia, nilikuwepo siku anaapa."

"Nilijua!" yule mwanamke akasema akiwa bado ametazama ukuta. "Nilimwambia mume wangu, huyo punda hajakataa kwa jeuri. Huyo punda anaogopa."

Afisa wa tai ya njano akakaa, akavuta makaratasi yake. Aliniambia kusema kweli hakujaniharibia kitu, na kwamba kukataa kule ndiko kulikoniokoa. Ningechora hata masikio, tungekuwa na mazungumzo mengine. Kisha akaniambia nimefaulu. Nilimwomba arudie, kwani na mimi nilikuwa nimerudia.

Ninyi mliokuja juzi na jana, sikilizeni hapa bila kucheka. Usisaini karatasi hujaisoma, hata anayekupa awe na tabasamu la peponi. Ukishakuwa raia, usifanye kama Wafula, usingoje mpaka umuokoe punda. Jiandikishe.

Mimi nilijiandikisha wiki niliyoapa, kwa uso wangu na mkono wangu. Na siku ya kura ikafika, mwezi wa kumi na moja, mvua nyepesi. Nje ya shule iliyokuwa kituo chetu cha kura, kabla ya kufika kwenye mstari ambao watu wa kampeni hawaruhusiwi kuuvuka, walisimama wagombea wawili wa bodi ya udongo na maji. Sikujua kama kuna bodi ya hayo. Mmoja alikuwa mama mwenye buti zenye tope, alinieleza habari za mitaro kwa ufasaha mkubwa, nikaelewa kwa nini mtaa wetu unafurika. Mwingine alikuwa kijana mwembamba, hakusema siasa yoyote, alinifunika na mwavuli wake mpaka kwenye mstari, akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje.

Ndani nikapewa karatasi na kalamu nyeusi. Nikaanza kujaza vile viduara vilivyo kando ya majina, nikajaza vyote. Kila mtu aliyekuwa ameandikwa nilimjazia. Vyama vyote viwili vilikuwa vimenilisha miaka na miaka, na kwetu huwezi kuwapakulia wageni ukaruka sahani ya mmoja. Nikaipeleka kwenye mashine. Mashine ikaitema. Nikaipeleka tena, ikaitema tena na kupiga kelele.

Bibi wa kituo akaja, akaniuliza taratibu kama nilikusudia kuchagua watu wawili kwa kiti kimoja.

"Nilikusudia wasikasirike," nikasema.

"Mama, please," Salma akaniambia nyuma yangu, amejifunika uso.

Nikapewa karatasi mpya. Nikasimama nayo muda mrefu. Kuchagua, wanangu, ni kumnyima mtu, na hilo hakuna aliyeniambia kwenye darasa la uraia. Nikachagua mmoja mmoja, kwa moyo mzito. Nilipofika kwenye udongo na maji nikamjazia yule mama wa mitaro, kwa sababu mitaro ni mitaro. Na kwa kuwa nilimwonea huruma yule kijana aliyenifunika mwavuli, nikainua mikono palepale, nikamwombea dua nzito, ile ninayoiweka kwa ajili ya wagonjwa na mitihani.

Kijana alishinda.

Tangu mwaka ule kura na dua yangu nazipeleka kwa mtu mmoja.